Somo la Tano: Kuiagiza Akili Mnemba Ikuandikie Tangazo la Kweli

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wajasiriamali wadogo wa Unguja ambao wameanza kutunga matangazo yao kwa msaada wa programu za akili mnemba: wenye maduka ya khanga na vinyago katika vichochoro vya Mji Mkongwe, wenye nyumba za wageni, wasukaji wa ukili, wauza viungo, na vikundi vya akina mama wanaosarifu mwani katika vijiji vya pwani ya mashariki. Linawahusu pia wanunuzi, kwani tangazo lisilo kweli humdhuru kwanza yule aliyeliamini.

Neno mnemba lisimchanganye msomaji. Sisi wa Unguja hutukumbusha kwanza kile kisiwa kidogo kilichoko mbele ya Matemwe. Hapa maana yake ni programu ya kompyuta inayotunga maneno au picha kwa kufuata maelekezo ya mtumiaji. Tangu ChatGPT ya kampuni ya OpenAI ilipofunguliwa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, programu za namna hii zimeenea hadi kwenye simu za mkononi, na mtu yeyote mwenye bando anaweza kuzitumia. Maneno ambayo mtumiaji huiandikia programu ili ifanye kazi ndiyo tutakayoyaita agizo.

Kabla ya kujifunza kuandika agizo, inafaa kuelewa mashine hizi zinafanya nini hasa. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, yaliyo mengi yakiwa ya lugha za kigeni, na kutokana na maandishi hayo hukisia ni neno gani linalofaa kufuata jengine. Hazijapata kufika dukani kwako. Hazijui bei yako, hazijui umbali wa nyumba yako kutoka barabarani, wala hazijui kama una cheti au huna. Ukiziomba tangazo bila ya kuzipa habari hizo, hazitanyamaza. Zitaandika yale ambayo matangazo ya bidhaa za aina yako huyasema kwa kawaida duniani, na zitayaandika kwa uhakika uleule zinaoutumia kwa mambo ya kweli.

Tulilijaribu jambo hili wenyewe. Tulichagua sabuni ya mwani kwa sababu ni bidhaa ya kwetu na inatengenezwa na watu wenye mtaji mdogo. Agizo la kwanza lilikuwa fupi, kama wengi wanavyoandika:

«Niandikie tangazo zuri la sabuni ya mwani ya Zanzibar.»

Jibu lilikuja baada ya sekunde chache, na lilikuwa zuri kwa maana ya kupendeza macho. Lilisema kuwa sabuni hiyo inatibu chunusi, ukurutu na fangasi. Lilisema haina kemikali yoyote. Lilisema imethibitishwa na wataalamu wa ngozi, imependwa na maelfu ya wateja, na imetengenezwa kwa siri ya mabibi zetu iliyorithiwa kwa karne nyingi. Mwisho likamtaka msomaji aagize kupitia tovuti yetu. Hatuna tovuti.

Tuyachukue madai haya moja moja, maana ndani yake mna somo lenyewe.

Dai la kutibu ndilo la hatari zaidi. Sabuni ya kuogea ni kipodozi. Ikidaiwa kuwa inatibu ukurutu, imeingizwa katika eneo la dawa, na dawa ina masharti yake ya uchunguzi na usajili mbele ya Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA). Mama aliyetengeneza sabuni hakuwa na nia ya kuuza dawa. Neno moja la mashine limemsogeza huko. Mbaya zaidi ni hali ya mnunuzi. Mzazi mwenye mtoto anayewashwa na ngozi anaweza kununua vipande vitatu na kuahirisha kwenda kituo cha afya kwa mwezi mzima, akisubiri ahadi ambayo hakuna binadamu aliyeitoa.

Dai la kutokuwepo kemikali si kweli kwa sabuni yoyote ya kipande. Mafuta ya nazi hayageuki sabuni mpaka yakutane na kostiki soda. Ikipimwa vizuri na sabuni ikaachwa ikomae, kostiki huisha katika mafuta na sabuni haichomi. Lakini kusema haikutumika ni uongo, na mnunuzi anayejua kazi hii atakudharau palepale. Anayeitengeneza mwenyewe anajua hivyo zaidi kuliko sisi, kwa kuwa ndiye anayevaa glavu.

Uthibitisho wa wataalamu na maelfu ya wateja ni mambo ya kubuni, na hayahitaji maelezo marefu. Vilevile mtu asiruhusu tangazo litaje alama ya ubora ya Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS) ikiwa hakupewa.

Lile la siri ya karne nyingi linaonekana halina madhara, na kwa hiyo hupita kwa urahisi. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wapo wanawake waliofunga kamba za mwanzo ambao bado wanashuka pwani. Sabuni ilikuja baadaye kuliko hapo, pale wakulima walipotafuta namna ya kupata zaidi ya bei ndogo ya mwani mkavu. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili, habari hii ya kweli inavutia kuliko hadithi ya mabibi: watu walipokea zao geni, wakalijua, wakalifanyia kazi mpya. Mashine haikuijua, na sisi hatukuiambia.

Sheria Namba 5 ya mwaka 2018 ya Zanzibar, inayohusu ushindani halali wa biashara na kumlinda mtumiaji, inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa au huduma anayouziwa. Tangazo hutoka kwa jina la mfanyabiashara na namba ya simu ya mfanyabiashara, hivyo anayeulizwa ni yeye. Kusema kuwa maneno yaliandikwa na programu ni sawa na mwenye duka kusema kuwa kibao chake kiliandikwa na mchoraji.

Sasa tuliandike agizo upya. Safari hii tulijiweka mahali pa kikundi cha ushirika cha Jambiani na tukatoa kila tulichokijua:

«Sisi ni kikundi cha wanawake wanane wa Jambiani, Kusini Unguja. Tunalima mwani na tunatengeneza sabuni ya kuogea. Sabuni ina mafuta ya nazi, unga wa mwani, mafuta ya mchaichai na kostiki soda, na huachwa ikomae wiki nne kabla ya kuuzwa. Kipande kina gramu 100 na bei yake ni shilingi 5,000. Andika tangazo la Kiswahili lisilozidi maneno 80, la kutumwa katika makundi ya WhatsApp ya wakaazi wa Mjini ambao hawajawahi kutumia sabuni ya mwani. Tumia lugha ya kawaida yenye heshima, bila ya alama za mshangao wala vikaragosi. Usiseme kuwa sabuni inatibu au inazuia maradhi yoyote. Usitaje cheti, alama ya ubora, idadi ya wateja wala sifa yoyote ambayo sikukupa. Ikiwa kuna jambo muhimu linalokosekana, niulize kwanza kabla ya kuandika.»

Msomaji ataona kuwa agizo hili ni refu kuliko tangazo lenyewe. Hilo lisimshangaze. Sehemu kubwa ya kazi ya tangazo ni kujua unachouza, unamuuzia nani, na anakipataje. Mashine inasaidia katika kupanga maneno, ambayo ni sehemu ndogo iliyobaki.

Sentensi ya mwisho ya agizo ndiyo tunayoipendekeza kuliko zote. Badala ya kukimbilia kuandika, programu iliuliza maswali matatu, na la kwanza lilikuwa hili: mteja aliyeko Mjini ataipataje sabuni iliyoko Jambiani? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekaa kutunga sifa za sabuni kwa watu ambao wangelazimika kusafiri hadi pwani ya mashariki ili wakanunue kipande cha shilingi 5,000. Ilibidi kwanza tuamue: oda za Mjini zitatumwa kwa daladala siku mbili kwa wiki, na ujira wa mzigo utalipwa na mnunuzi. Uamuzi huo haukuwa wa uandishi hata kidogo, lakini bila yake tangazo lingekuwa ni kelele tu.

Tulipojibu maswali, tangazo lililotoka lilikuwa hili:

«Sabuni ya mwani kutoka Jambiani. Mwani tunaulima wenyewe, tunauanika, tunausaga, kisha tunauchanganya na mafuta ya nazi na mchaichai. Ni laini kwa kila aina ya ngozi. Kila kipande huachwa kikomae wiki nne kabla ya kuuzwa. Gramu 100 kwa shilingi 5,000. Oda za Mjini hutumwa kwa daladala kila Jumanne na Jumamosi. Ujira wa mzigo unalipwa na mnunuzi. Karibuni.»

Ni tangazo linalofaa kwa jumla. Lakini lisomwe tena polepole. Sentensi ya tatu imetoka wapi? Hatukuiambia mashine kuwa sabuni ni laini kwa kila aina ya ngozi, na tulikuwa tumeikataza kuongeza sifa. Imeongeza. Wapo watu ambao ngozi zao hazipatani na mafuta ya mchaichai, na mmoja wao akipata vipele atakuwa na tangazo lako mkononi. Tukaandika agizo la pili, fupi: «Ondoa sentensi inayotaja aina ya ngozi. Badala yake orodhesha vilivyomo vyote, pamoja na kostiki soda, ili mwenye ngozi nyepesi aamue mwenyewe.» Mashine ikafuata.

Katazo, basi, hupunguza uzushi lakini haliumalizi. Njia tunayoiona inafaa ni kuchukua kalamu na kupiga mstari chini ya kila dai lililomo ndani ya tangazo, kisha kujiuliza mbele ya kila mstari: nani aliyeniambia hili? Ikiwa jibu ni «mimi najua, na ninaweza kuonesha», libakie. Ikiwa jibu ni «mashine», lifutwe, hata kama ndilo sentensi tamu kuliko zote. Mara nyingi ndilo hilo.

Wenye nyumba za wageni wana mitego yao. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kwa hiyo umeandikwa sana. Mashine ina mengi ya kusema juu yake, lakini mengi hayo ni ya zamani. Mwenye nyumba ya Hurumzi akiomba maelezo ya vivutio vilivyo karibu anaweza kupewa aya nzuri inayomwalika mgeni kutembelea makumbusho ya Beit el Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883. Aliyeishi Unguja anajua kuwa sehemu ya jengo hilo iliporomoka Desemba 25, 2020. Mgeni aliyelipia chumba kwa sababu ya makumbusho hayo akafika akakuta uzio, hatamlaumu aliyeitengeneza programu.

Pwani ya mashariki mtego ni bahari yenyewe. Mashine imesoma maelfu ya matangazo ya fukwe za dunia, na humo bahari iko pale pale siku zote, buluu, tayari kuogelewa. Paje na Jambiani maji yakipwa, hususan siku za bamvua, mgeni anaweza kutembea kwa miguu masafa marefu kabla ya kupata maji ya kuogelea. Wenye nyumba wengi hulificha jambo hili kwa kuogopa kupoteza wateja. Sisi tunashauri liandikwe ndani ya agizo: «Eleza wazi kuwa maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwamba wakati wa kupwa kuogelea hakuwezekani mbele ya nyumba, lakini mgeni anaweza kutembea pwani na kuwaona wakulima wa mwani wakiwa kazini.» Anayetaka kuogelea asubuhi hadi jioni atakwenda Nungwi, na ni bora aende huko mapema kuliko aje kwako akadai arejeshewe pesa.

Linalofuata ni la lugha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini Kiswahili kinachotoka katika programu hizi mara nyingi kinanuka tafsiri. Huwaita wasomaji «wateja wapendwa», huwataka «wasikose fursa hii ya kipekee», na huwaahidi «uzoefu usiosahaulika». Hakuna muuzaji wa Darajani anayezungumza hivyo na mteja wake. Dawa yake ni kuipa mashine mfano wa maneno yako mwenyewe. Rikodi sauti yako ukimweleza jirani bidhaa yako, iandike kama ilivyo, uibandike ndani ya agizo na useme: «Fuata namna hii ya kusema.» Ikiandika shule na wewe unasema skuli, mwambie msomaji skuli. Ukimaliza, lisome tangazo kwa sauti mbele ya mtu mzima wa nyumbani. Akicheka pasipotakiwa kicheko, rudia.

Kwa lugha usiyoijua tahadhari ni kubwa zaidi. Kiwengwa kuna wageni wengi wa Kitaliano, na inavutia kuiomba programu ikugeuzie tangazo kwa Kitaliano kwa nukta moja. Inaweza, na mara nyingi hufanya vizuri. Lakini tangazo usiloweza kulisoma ni ahadi usiyoijua. Fungua mazungumzo mapya, bandika ule Uitaliano, na uombe utafsiriwe kwa Kiswahili neno kwa neno. Ukiona bei, siku au vilivyomo vimebadilika, hapo pana kasoro. Kisha mtafute mtembeza wageni anayeijua lugha hiyo alisome. Soda baridi itatosha kuwa ujira wake.

Picha tutazipita kwa haraka kwa sababu kanuni yake ni nyepesi. Programu inaweza kuchora sabuni nzuri kuliko yako na chumba kikubwa kuliko chako. Mnunuzi hununua anachokiona. Piga picha ya kitu kilekile utakachompa, mchana, karibu na dirisha. Mashine itumike kukushauri namna ya kukipanga.

Taarifa za wateja zinahitaji maneno zaidi kidogo. Baadhi ya wafanyabiashara hubandika ndani ya agizo mazungumzo mazima ya WhatsApp, wakiomba programu iwaandikie majibu au ichague sifa za kutangazia. Ndani ya mazungumzo hayo mna majina, namba za simu, na kwa nyumba za wageni mna hata picha za pasipoti. Ukibandika, umezipeleka kwa kampuni nyengine bila ya ruhusa ya mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ambayo kwa mambo ya Muungano inagusa pia Zanzibar. Hata bila ya sheria, mteja aliyekutumia namba yake kwa ajili ya vipande viwili vya sabuni hakukupa kwa ajili ya kitu chengine. Andika «mteja mmoja» badala ya jina, ondoa namba, na usibandike kitambulisho chochote. Na ikiwa unataka kutumia maneno ya sifa aliyokuandikia, mwombe kwanza, kisha uyatumie kama alivyoyasema. Kuyanyoosha kwa mashine mpaka yakawa ya mtu mwengine ni kumsingizia.

Kwa upande wa mnunuzi, hatudhani kuwa mtu anaweza kulitambua kila tangazo la mashine kwa kulitazama. Anachoweza ni kumuuliza muuzaji mambo ambayo mashine haiyajui: sabuni hii ilikatwa lini, nani aliyeipima kostiki, nikiwa Mwanakwerekwe nitaipokelea wapi. Muuzaji wa kweli hujibu bila ya kufikiri sana. Ukikuta dai la kutibu maradhi au alama ya ubora unayoitilia shaka, lihifadhi tangazo kama lilivyo, pamoja na tarehe na namba ya muuzaji, kabla halijafutwa, uliwasilishe kwa mamlaka inayohusika na bidhaa hiyo.

Zoezi. Chukua tangazo la mwisho uliloandikiwa na programu, la biashara yako mwenyewe. Piga mstari chini ya kila dai na uhesabu mangapi yanatoka kwako na mangapi yanatoka kwa mashine. Kisha andika agizo jipya lenye mambo haya kwa mpangilio wowote unaoupenda: wewe ni nani na uko wapi, unauza nini na kimetengenezwa kwa nini, bei na kipimo, msomaji wa tangazo ni nani, anakipataje, yapi yasisemwe, na ruhusa ya mashine kukuuliza. Kabla ya kulituma, mpe mtu asiyeijua biashara yako alisome agizo lenyewe, si tangazo, akuambie ni swali gani angelikuuliza kama yeye ndiye mnunuzi. Jibu la swali hilo liongeze ndani ya agizo kwa mkono wako.